Nani Atamkatiza Anayeimba Pekee?

Watu wetu wana methali tele za kumtisha kila anayetaka kutoka kivyake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkono mmoja haulei mwana. Kijana akitangaza kwamba anaacha kwaya au bendi, anachukua gita lake na nyimbo zake akasimame pekee mbele ya watu, methali hizi humporomokea kichwani kama matofali ya jengo bovu. Kwa wenzake aliowaacha yeye ni msaliti. Kwa wengine, hasa sisi vijana wa mjini, yeye ni shujaa: amekata minyororo, sasa atatambulika! Mimi naona pande zote mbili zinapiga kelele nje ya nyumba. Swali lenyewe liko ndani, na hakuna aliyebisha hodi.

Magazeti yetu humwita mtu wa aina hii "msanii wa kujitegemea". Neno zito hilo, jamani. Katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 kujitegemea kulikuwa ni jambo la taifa zima, la kijiji kizima na jembe lake. Leo neno hilo hilo linamhusu mtu mmoja aliyegombana na bendi! Na kuna neno jingine lililopinduka: solo. Muulize mpiga gita yeyote wa zamani, wa benga au wa dansi, solo ni nini. Atakuambia solo ni gita linaloongoza, lile la kuchombeza, na kando yake kuna risimu na kuna besi. Kwa hiyo kwake yeye, mpiga solo ni mtu mwenye wenzake kushoto na kulia. Sisi tukalichukua neno likawa na maana ya mtu asiye na wenzake kabisa. Si kosa, lugha huenda inakotaka. Lakini nadhani wale wazee walijua jambo ambalo sisi tumelisahau.

Maadili yakijadiliwa bila mtu ndani yake ni ugali mkavu, unashiba lakini hujala. Basi nitamchukua mtu mmoja, Ayub Ogada.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1956, akiitwa Job Seda. (Job na Ayubu ni mtu yule yule, muulize yeyote mwenye Biblia mbili nyumbani.) Wazazi wake walikuwa wanamuziki, na sehemu ya utoto wake ilipita Chicago, Marekani, kabla familia haijarudi nyumbani. Kwa hiyo tusidanganyane: huyu hakuwa mtoto aliyeokota muziki wa kale malishoni nyuma ya ng'ombe. Alikuwa mtu wa mjini kama wewe na mimi. Miaka ya 1970 alikuwa Nairobi katika bendi ya Black Savage, vijana wa gita za umeme. Mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa waliounda bendi ya African Heritage, iliyofungamana na jumba la sanaa la jina hilo, lile lililoanzishwa Nairobi mwaka 1972 na Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila na Mmarekani Alan Donovan. Hata katika filamu alicheza. Yumo katika Out of Africa ya mwaka 1985, ukitazama vizuri. Kisha mwaka 1986 akahepa. Akaacha bendi, akaenda London na nyatiti yake.

Wapo waliosema ametupa mbao, na wapo waliosema amewezwa na tamaa ya majuu. Mimi swali langu ni jingine. Aliondoka na nini?

Tuanze na ala yenyewe. Nyatiti ni kinubi cha Wajaluo chenye nyuzi 8, mwili wake wa mti uliochongwa ukawambwa ngozi. Mpigaji huketi chini, kwenye kigoda kifupi, kinubi kikiwa ubavuni pake. Vidole vya mikono yote miwili viko kwenye nyuzi. Mguuni amefunga njuga ziitwazo gara. Kwenye dole la mguu amevaa pete nzito ya chuma, oduong'o, anayoigonga kwenye kinubi ikawa ndiyo ngoma. Na mdomo unaimba. Sasa piga hesabu: nyuzi, ngoma, kayamba, mwimbaji. Mtu mmoja, bendi nzima! Aliyetunga methali ya kidole na chawa hakuwahi kumwona mtu huyu, ambaye hata dole la mguu analo la kufanyia kazi.

Ndiyo maana nasema hoja ya usaliti haina miguu. Tumezoea kuambiwa, na wanasiasa walipenda sana kutuambia, kwamba Mwafrika ni mtu wa umoja na Mzungu ni mtu wa "mimi, mimi". Lakini kumbe katika mila yenyewe, tena mila kongwe, mtu aliketi pekee mbele ya kijiji akaimba mpaka jogoo wakawika. Bendi ndiyo iliyokuja baadaye. Wapiga gita wa benga walilichukua lile pigo la nyatiti, noti zile zinazokimbizana, wakaligawa kama mkate: wewe shika besi, wewe risimu, wewe solo, yule akae kwenye drami. D. O. Misiani, mzaliwa wa upande wa Shirati huko Tanzania, alijenga ufalme wake na Shirati Jazz juu ya mgawanyo huo huo. Kilichokuwa kazi ya mtu mmoja kikawa ajira ya watu watano. Ogada alifanya kinyume. Alitoka kwenye umeme akarudi kwenye kigoda, akaukusanya mkate uliokwisha kugawiwa.

Kama ni hivyo, basi kesi imefungwa? La hasha. Kuna jambo sijalitaja, na ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Katika ngoma ya nyatiti kuna kitu kinaitwa pakruok. Mpigaji yuko katikati ya wimbo, kapamba moto, mara mtu anainuka kutoka kwenye umati na kumsimamisha. Anatoa pesa. Nyuzi zinanyamaza au zinashuka chini. Kisha yule mtu anajitaja: mimi ni fulani, mwana wa fulani, mume wa binti wa mahali fulani, anamsifu shemeji yake aliyeketi pale, anajifananisha na mnyama au na mto, anamchoma hasimu wake kwa fumbo ambalo kila mtu analielewa ila wanajifanya hawakulisikia. Watu hoi kwa kicheko. Akimaliza anaketi, nyuzi zinapanda tena, na mpigaji mwenye akili huyachukua yale maneno akayafuma wimboni. Dakika chache baadaye anasimama mwingine.

Umeona? Yule mtu alikuwa pekee kwenye kigoda, hakuwa pekee ndani ya wimbo. Wimbo wake ulikuwa na mlango, na mlango haukuwa na komeo. Yeyote mwenye sarafu na ulimi aliweza kuingia, kumkatiza, kumlazimisha abadili njia. Ukiuliza wimbo ulikuwa wa nani, jibu lingekuwa gumu. Wa jathum, mpigaji, ndiyo. Lakini nusu ya majina yaliyomo aliyatoa nani?

Sasa mhamishe mtu huyo London, umweke chini ya ardhi. Ogada aliishi kwa kupiga nyatiti kwenye vijia vya treni za chini kwa chini, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa la kufukuzwa. Utaratibu wa leseni kwa wapiga muziki wa humo ulikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watu wanapita. Wana haraka, treni haingoji. Mmoja anatupa sarafu kwenye kitambaa bila kupunguza mwendo.

Hebu zilinganishe sarafu hizi mbili, ya kijijini na ya London. Zote ni shukrani, zote ni ugali wa mpigaji. Lakini ile ya pakruok inanunua haki ya kusema: nimelipa, sasa nyamaza unisikie. Ile ya chini ya ardhi inanunua haki ya kupita kwa amani: nimelipa, sasa usinidai kitu. Ni pesa ile ile, ila imekatwa ulimi.

Kiswahili kina maneno mawili ndugu, pekee na upweke, na mtu anaweza kuwa na moja bila jingine. Mzee wa nyatiti alikuwa pekee bila upweke. Mpita njia wa London alikuwa katikati ya maelfu na yuko mpweke. Ninaposikiliza nyimbo za Ogada za baadaye, nasikia mtu aliyelazimika kuwa na vyote viwili. Nyatiti niijuayo mimi ya matanga na ya pombe ni ala ya kelele, ya vumbi, ya kutukanana kwa mapenzi. Yake inanong'ona. Sauti iko chini, nyuzi zinatembea polepole kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Ni nzuri mno, wallahi. Sijasikia mfano wake. Lakini haina nafasi ya mtu kusimama akasema "ngoja kwanza". Wengi waliomsikia majuu waliamini kwamba wanaisikia Afrika ya kale. Mimi nasikia kijana wa Nairobi aliyekuwa mbali na watu wa kumkatiza, akajifunza kujaza mwenyewe ule ukimya walioachia.

Lakini ngoja nijibishe mwenyewe, maana najua mtu wa Eastlands aliyekaa macho usiku mzima akitunga nyimbo ameshaanza kukunja uso. Atasema: wewe unasifu kukatizwa kwa sababu hujakatizwa vya kutosha! Na ana haki. Pakruok ina uso wa pili. Tajiri wa kijiji mwenye noti nyingi huweza kuununua usiku wote, wimbo mzima ukawa ni jina lake tu, na mpigaji akageuka mdomo wa kukodi. Tusisahau nchi hii miaka ya 1980, kwaya zilizosimama kila sikukuu kumwimbia rais, shule kwa shule, idara kwa idara. Pale nako kulikuwa na umoja! Walikuwa wengi, walivaa sare, hakuna aliyeitwa msaliti. Na hapakuwa na nafsi moja iliyothubutu kuimba neno lake. Ukiniambia nichague kati ya kwaya ile na kijia cha chini ya ardhi, nitachukua kijia bila kusita. Angalau mle ndani hakuna aliyemwambia Ogada amsifu nani.

Basi kukatizwa peke yake si dawa. Inategemea nani anakukatiza, na anasimama wapi. Mdosi anayekulipa hakukatizi, anakuamuru. Umma unaokupigia makofi tangu mwanzo hadi mwisho haukukatizi, unakubembeleza, na kubembelezwa ni hatari kuliko kuamriwa kwa sababu hakuumi. Anayekukatiza kweli ni yule aliye ndani ya wimbo kama wewe, asiye na mamlaka juu yako, na ambaye usipomsikiliza hatakufunga wala kukunyima chakula. Mpiga besi anayesema, "Bro, huo ubeti wa tatu ni takataka." Mwenye sarafu moja anayesema, "Umemsahau mjomba wangu." Watu hawa hawana nguvu yoyote ila ile unayowapa wewe kwa kunyamaza kidogo.

Mtu akitoka bendi, watu humuuliza kama amewadhulumu wenzake. Mimi ningemuuliza nani sasa atamwambia ubeti wa tatu ni takataka. Kama hana jibu, hajajitegemea huyo, amejifungia.

Upande wa pesa sitaukalia sana, ila lazima utajwe kwa sababu sisi vijana hupenda kudhani kila kitu ni roho na kipaji. Tiketi ya ndege ya mtu mmoja ni tiketi moja. Bendi ya watu 10 ni tiketi 10, vitanda 10, viza 10, na ugonjwa wa tumbo mara 10. Remmy Ongala alifika majuu na Orchestra Super Matimila yake, na mwaka 1989 kampuni ya Real World, ile ya Peter Gabriel, ikatoa albamu yao ya Songs for the Poor Man. Iliwezekana. Lakini promota akikaa na kikokotozi chake, mtu wa kigoda kimoja na nyuzi 8 humvutia zaidi, na hii haina uhusiano wowote na nani anaimba vizuri. Mara nyingi kinachoitwa "wito wa kwenda solo" ni bajeti tu iliyovaa kanzu.

Ogada naye alipata mlango huo huo. Alipigwa macho na watu wa tamasha la WOMAD, akapanda jukwaani kwao mwaka 1988, na mwaka 1993 Real World wakatoa albamu yake, En Mana Kuoyo. Maana yake kwa Kijaluo ni "mchanga tu". Napenda mtu anayeiita kazi ya maisha yake mchanga tu.

Ndani ya albamu ile kuna wimbo uitwao Kothbiro, yaani mvua inakuja. Hapa ndipo hadithi inaponoga, kwa hiyo nivumilie.

Dunia iliujua wimbo huu kama sauti ya mtu mmoja na kinubi. Mwaka 2005 ulisikika katika filamu ya The Constant Gardener, ukawafikia watu ambao wasingeweza kuionyesha Kisumu kwenye ramani. Waliouliza waliambiwa: ni wa Ayub Ogada, yule wa nyatiti. Ukawa ni mfano kamili wa wimbo wa pekee, kana kwamba ulizaliwa kwa mtu mmoja, pembezoni mwa ziwa, mawingu yakikusanyika.

Kumbe ulikuwa umesharekodiwa mwaka 1976 na Black Savage. Bendi! Gita za umeme, vijana wa Nairobi, Ogada akiwa bado Job Seda miongoni mwao. Na mwaka 2018 Kanye West alipotoa wimbo wake Yikes, kipande alichokichota hakikutoka kwenye ile ya nyatiti iliyosifika duniani. Alikichota kwenye ile ya bendi. Ukitazama majina ya watunzi waliotambuliwa kwa kipande hicho utakuta mawili: Ayub Ogada na James Mbarack Achieng. Miaka 42 baada ya ile siku ya studio, mlango ambao watu walidhani haupo ukafunguka, na ndani mlikuwa na mtu wa pili.

Sisemi kwamba mtu alimwibia mtu. Sina sababu ya kusema hivyo, wala si kazi yangu hapa kupeleka watu mahakamani. Ninachosema ni kwamba sisi wasikilizaji ndio tuliomfuta yule wa pili. Tulitaka mtu mmoja. Mtu mmoja anaeleweka, ana uso wa kuweka kwenye jalada, ana hadithi ya kusimulia: aliacha, aliteseka, aliokotwa, akang'aa. Bendi haina hadithi nzuri kiasi hicho. Bendi ina ratiba, ina deni la vipaza sauti, ina mtu aliyechelewa mazoezini.

Jambo hili ni kubwa kuliko Ogada. Mkumbuke Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi Mbube mwaka 1939 mjini Johannesburg. Wimbo ulizunguka dunia ukatajirisha wengine, yeye akafa maskini mwaka 1962, na familia yake ikaja kupata suluhu ya kisheria mwaka 2006. Tulishangilia, na tulifanya haki kushangilia. Lakini Linda hakuimba pekee. Aliimba na kundi lake, Evening Birds, na ile sauti yake ya juu iliruka vile kwa sababu chini yake palikuwa na sauti nyingine zilizomshika asianguke. Hata haki ilipofika, ilifika kwa jina moja. Sheria inaelewa aliyetunga maneno na aliyetunga sauti. Wakiwa wawili itawagawia. Haina kipimo cha mtu aliyekaa pembeni akasema "hapo rudia".

Na hili si la majuu tu. Hapa mtaani kwetu kuna jamaa mmoja, jina naliweka mfukoni, aliyekuwa akiimba na wenzake wawili. Gita, sauti tatu, nyimbo za nyumbani zilizovaa jinzi. Ameondoka. Ana wimbo mmoja ambao, nakuapia, ukiusikia kwenye matatu utashuka steji isiyo yako. Anataka kuurekodi kwa jina lake. Shida ni kiitikio. Kiitikio kile kilizaliwa siku mmoja wa wale wawili alipokuwa akiosha sufuria, akiimbia puani, hata neno halikuwemo. Huyu wa gita akakidaka, akakaa usiku, akakivisha maneno, akajenga beti nne juu yake. Sasa wamegombana na kila mmoja amenijia kwa wakati wake.

"Mimi ndiye niliyekesha," anasema wa gita. "Yeye aliosha vyombo tu. Kwani kila anayeguna puani ni mtunzi?"

Wa sufuria anasema maneno machache zaidi. "Pesa akae nazo. Lakini watu wakiusikia huo wimbo, mimi nilikuwepo."

Nimeyafikiria maneno hayo mawili kuliko nilivyofikiria kitabu chochote mwaka huu. Wa gita ana hoja ya jasho, na jasho si mchezo. Kukesha ni kukesha. Ukimnyima haki ya kuondoka na wimbo wake kwa sababu ya mtu mmoja aliyeguna, hakuna atakayetunga kitu hapa mjini, maana sote tumeokota sauti mahali, kwa mama, kwa makanga, kwa muuza maji. Na hata hivyo upande wangu uko kwa wa sufuria. Si kwa sababu ya noti zile tano au sita za puani. Ni kwa sababu ya anachodai. Hadai fungu. Hadai wimbo urudi kundini ukafie huko. Anadai lile lile alilodai mtu wa pakruok: nyamaza kidogo, nitaje. Na anayeshindwa kunyamaza kwa pumzi moja ili amtaje mwenzake, sijui atanyamaza vipi siku mtu akimwambia ubeti wake wa tatu ni mbovu.

Wa gita alinijibu kwamba kutaja ni rahisi kwa maneno, lakini ukishaandika jina kwenye karatasi, kesho jina linageuka asilimia. Kweli. Ndivyo kutaja kunavyokuwa kukiwa na uzito. Kijijini pia kutaja kulikuwa na bei.

Wasomaji wa kurasa hizi wengi si wanamuziki, ni waandishi au mnaotaka kuwa. Msidhani mmepona. Mwandishi ndiye msanii wa kujitegemea wa mwisho, kalamu, meza na mlango uliofungwa. Siku hizi hata mwanamuziki amefika hapo tulipo: kijana ana kompyuta chumbani, anatengeneza mdundo, anaimba, anachanganya sauti, anatuma kazi duniani kabla mama hajamwita chakula. Nyuzi, ngoma, kayamba na mdomo, kama mzee wa nyatiti! Tofauti ni kwamba mzee alikuwa na umati mbele yake ungali na sarafu mkononi, na kijana huyu anasikia neno la kwanza la binadamu mwingine wimbo ukiwa umeshatoka. Wakati huo si kukatizwa tena, ni kuhukumiwa. Kati ya mambo hayo mawili kuna umbali mkubwa. Mtu akikukatiza bado unaweza kubadili njia.

Ogada mwenyewe alirudi Kenya mwaka 2007, akaishi karibu na Kisumu. Aliendelea kurekodi, mwaka 2015 ilitoka Kodhi, albamu aliyoifanya na mpiga gita Trevor Warren. Kwa hiyo mtu wa nyatiti pekee alikuwa ameshatafuta mtu wa kukaa naye chumbani. Alifariki mwezi Februari mwaka 2019. Kusini mwa nyumba yake kuna ziwa, na kwenye baa za Kisumu usiku wa ohangla watu bado huinuka na noti mkononi wakausimamisha muziki ili wamtaje shemeji.

Wa gita amepata nafasi studio, wiki ijayo, saa tatu. Wa sufuria hajaalikwa. Juzi niliwaona wote wawili kwenye kibanda kimoja cha chai, meza mbili tofauti, na redio ilipocheza wimbo fulani mbovu wote wakacheka mahali pale pale, kwenye ubeti wa tatu, halafu wakakumbuka kwamba hawasemezani.